Pongezi kwa mafundi wa boti za faiba

Boti ndogo ya faiba inaposhushwa majini, watu husifu rangi. Mimi nawapongeza mafundi kwa kazi iliyo chini ya rangi, ambayo hakuna abiria atakayeiona.

Kalibu hupakwa nta ili boti isigandie humo, kisha jelikoti, ile ngozi laini ya nje. Ndipo hutandikwa mikeka ya nyuzi za kioo, tabaka juu ya tabaka, ikiloweshwa rezini. Rezini haigandi vizuri bila kichocheo, na hapo ndipo ufundi ulipo: kwa kawaida ni asilimia 1 hadi 2 tu. Kikizidi, rezini hupata moto na kupasuka. Kikipungua mno, hubaki ikinata. Joto la pwani nalo halisubiri mtu, kwa hiyo fundi mzuri hukoroga kidogo kidogo. Mtazame anavyosukuma rola kutoka katikati kwenda pembeni, akifukuza hewa. Mkeka mweupe unageuka angavu. Akiona doa jeupe anarudi hapohapo, maana hewa ikibaki, matabaka hayashikani.

Wazee wa majahazi huidharau faiba, lakini chombo hiki hakidai kalafati kila mara. Kinachodai ni afya ya fundi: vumbi la faiba huwasha ngozi na kudhuru mapafu, na mvuke wa rezini hupasua kichwa. Basi wewe unayeagiza boti, usimharakishe, na bei ya barakoa na glavu iingize kwenye hesabu ya kazi.