Mjuzi wa stempu na barua ya Kasongo

Kasongo, mji wa Maniema mashariki mwa Kongo, ulitekwa na jeshi la Mfalme Leopold II wa Ubelgiji Aprili 1893, na mji wa Kabambare ukafuata Januari 1894. Mwaka huohuo wa 1894 Dola Huru ya Kongo, koloni lake binafsi, ilitoa stempu mpya zilizochapwa na Waterlow wa London, zenye picha kutoka kwa wachoraji wa Kibelgiji Robert Mols na Piet Van Engelen: bandari ya Matadi, maporomoko ya maji, uwindaji wa tembo. Stempu nzuri mno kwa utawala mbaya namna ile. Ndizo zinazompima mjuzi anapoletewa barua iliyolala sandukuni tangu enzi za babu.

Hataji bei kwanza. Anaishika kwa kibano, si kwa vidole vyenye jasho, anaigeuza na kuiinua kwenye mwanga. Mgongoni huonekana gundi, mahali karatasi ilipobanduka, na kiraka kilichofichwa kwa ustadi. Mbele, mistari ilichongwa kwenye bamba la chuma, hivyo wino umeinuka kidogo juu ya karatasi. Nakala iliyochapwa bapa hujisaliti chini ya kioo cha kukuzia. Fremu ilichapwa kwa rangi yake na picha ya kati kwa nyeusi, yaani karatasi ilipita mashineni mara mbili. Zipo chache ambazo picha imekaa kichwa chini miguu juu ilhali fremu imesimama sawa, na hizo wakusanyaji huzigombea.

Rangi nayo ni kalenda. Santimu 5 yenye bandari ya Matadi ilitoka kwa buluu mwaka 1894, ikaja ya kahawia nyekundu, na kufikia 1900 ikawa ya kijani. Halafu meno ya pembeni: anahesabu yanayoingia katika sentimita 2, kwa kuwa toleo moja lilitobolewa kwa vipimo tofauti, na tofauti ya nusu jino huweza kupandisha bei au kuishusha.

Kazi ninayoistahi kuliko zote ni ya stempu za baada ya 15 Novemba 1908, Ubelgiji ilipomnyang'anya mfalme wake koloni. Stempu za zamani hazikutupwa. Ziligongwa juu maneno CONGO BELGE, nyingine Brussels, nyingine kulekule Kongo, kwa mihuri ya mkono. Waghushi walifurahi: pigo moja, stempu ya kawaida inageuka adimu. Mjuzi hatazami herufi tu, anauliza wino upi uko juu. Posta huifuta stempu kwa muhuri wake baada ya maneno kugongwa. Maneno yakiwa yameukanyaga muhuri wa posta, ni ghushi. Na muhuri ukisomeka 1905, kioo kirudi mfukoni.

Muhuri huohuo ndio unaoibeba Maniema. Jina KASONGO likisomeka lote, pamoja na tarehe, stempu hafifu hupata wateja, maana posta ya bara ilipitisha barua chache kuliko Boma au Matadi. Umri peke yake hauleti pesa. Stempu za maua za mwaka 1952, pamoja na zile zilizogongwa neno CONGO mwaka 1960, ni maridadi kabisa, lakini zilichapwa kwa wingi na nyingi hazina bei ya maana.

Bei ya katalogi nayo isikulevye. Huwa ni ya stempu safi isiyo na dosari, na mnunuzi hutoa sehemu yake tu. Ukirithi bahasha ya namna hii, usiikate wala usiiloweke kuibandua stempu: mara nyingi bahasha nzima, yenye anwani na mihuri ya njiani, hushinda stempu iliyo peke yake. Ihifadhi pakavu, na ikiwa na maneno CONGO BELGE ya muhuri wa mkono, usiiuze wala kuinunua kabla mtaalamu hajaitolea cheti.