Baraza Katika Kifungo

Mji wa Kale wa Mombasa umejengwa kwa namna inayowalazimu watu waonane. Vichochoro vya Kibokoni na Kuze ni vyembamba, na mbele ya nyumba nyingi ipo baraza ya mawe ambapo wazee na vijana huketi jua linapopungua ukali. Hapo habari hupokewa, shairi hupimwa, na asemaye neno lisilo na maana hurudishiwa neno lake. Ukingoni mwa mji huo huo, juu ya bahari, imesimama ngome ya Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na ambayo serikali ya Kiingereza iliifanya gereza tangu 1895 hata 1958. Kwa miaka zaidi ya 60, basi, mahali pa kusemezana na mahali pa kunyamazishwa palikuwa majirani.

Nimetangulia kutaja majirani hao kwa kuwa hunisaidia kukisoma kitabu cha mshairi aliyezaliwa Mombasa mwaka 1946, naye ni Abdilatif Abdalla. Kitabu chenyewe ni Sauti ya Dhiki, kilichochapishwa na Oxford University Press mwaka 1973. Mwezi wa Desemba 1968, akiwa kijana wa miaka 22, mshairi alikamatwa kwa sababu ya waraka ulioitwa Kenya: Twendapi?, ambao uliikosoa serikali ya wakati ule. Alihukumiwa kwa uchochezi, akafungwa hata mwaka 1972. Mashairi haya aliyatunga kifungoni, akiyaandika kwa siri juu ya karatasi za chooni. Mwaka 1974 kitabu kilipewa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, yaani jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtungaji.

Wasomaji wengi hukisifu kitabu hiki kuwa ni kitabu cha ushujaa. Hawakukosea. Shairi liitwalo "Siwati", ambalo jina lake kwa lugha ya Kimvita maana yake ni "Siachi", limekuwa kama kiapo kwa watu wengi waliodhulumiwa. Lakini sifa hiyo ni nusu ya haki. Tukimtazama mshairi kama mwamba uliosimama peke yake baharini, hatutaona jambo ambalo dhiki ilimfunulia, nalo ni kwamba mtu hawi mtu kamili bila mwenziwe wa kumjibu.

Tuangalie namna mashairi yanavyosema. "Siwati" ni kukataa, na kukataa kwataka mtu aliyekutaka uache. "Kuno Kunena" ni swali: kunena kumekuwaje hata kukamtia mneni kifungoni? Swali nalo lataka wa kuulizwa. Katika "Mamba" mshairi amelifunga fumbo juu ya mnyama mwenye nguvu ajivunaye majini, akamwachia msomaji kazi ya kulifumbua. Fumbo lisilo na mfumbuzi halina uhai. Kila tufunguapo kitabu twamkuta mfungwa akiwa na mtu mbele yake, hali chumbani hamkuwa na mtu. Gereza lilimnyang'anya baraza, naye akaijenga baraza nyingine kwa vina na mizani.

Dalili kubwa kuliko zote imo katika "Mnazi: Vuta N'kuvute". Hapa ndugu wawili, Alii na Badi, wagombania mnazi. Mmoja yu juu ya mti, mwingine yu chini amwambia ateremke. Wasomaji wengi wameona katika ugomvi huo picha ya Kenya baada ya uhuru wa 1963, wakati watu waliopigania nchi pamoja walipoanza kuulizana nani ale matunda yake. Tafsiri hiyo yafaa, lakini mimi nastaajabia jambo jingine. Mfungwa alikuwa na kila sababu ya kuusemea upande mmoja tu na kuuziba mdomo wa pili, kama mdomo wake ulivyozibwa. Hakufanya hivyo. Kila ndugu alimpa beti zake, hoja zake na ukali wake, na hata alipomfanya mmoja awe na haki zaidi hakumfanya mwingine kuwa bubu. Kumpa mshindani ulimi mtu akiwa katika raha ni adabu njema. Kumpa ulimi ukiwa umefungwa kwa ajili ya ulimi wako ni utu. Kwa sababu hii naliweka shairi hili juu ya "Mamba", ambalo ingawa ni hodari kwa ufundi, mshindani wake hapewi nafasi ya kujitetea.

Huenda msomaji akasema kwamba kujibizana ni ada ya washairi wa Mombasa tangu zama za Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu na mwaka 1840, na kwamba Abdilatif alifuata ada tu. Ni kweli aliirithi. Lakini ada haipimwi penye raha. Barazani mwenye kujibu yu karibu, na kumwitikia hakuna gharama. Gerezani ada hiyo ingaliweza kufa siku ya kwanza, na chuki ikakaa mahali pake. Haikufa. Tena si kwake peke yake. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezuiliwa katika gereza la Kamiti mwaka 1977 na 1978, naye aliandika juu ya karatasi za chooni riwaya yake ya Kikuyu, Caitaani Mũtharaba-inĩ; na ndani ya riwaya hiyo aliwapakia wasafiri katika matatu moja ili wasimuliane. Watu wawili, lugha mbili, na haja yao moja.

Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kitabu hiki chenyewe ni ushahidi, maana karatasi hazina miguu ya kutoka gerezani. Yupo aliyezipokea, yupo aliyezihifadhi, na wapo waliozipiga chapa.

Vijana wasomaji, msiishie kulihesabu shairi la "Mnazi" vina na mizani. Lisomeni kwa sauti darasani, mmoja awe Alii na mwingine awe Badi. Kisha mbadilishane, na kila mmoja ajitahidi kuitetea kwa moyo wote hoja aliyokuwa akiipinga.