Kipimo cha Boriti

Ukivuka Daraja la Mkapa pale Ndundu kuelekea kusini, lililofunguliwa mwaka 2003 na kuwaondolea wasafiri adha ya kungoja pantoni, Mto Rufiji unaelekea kushoto kwako kwenda kujigawa katika delta, kwenye msitu wa mikoko mkubwa kuliko mingine yote ya pwani ya Afrika Mashariki. Uuweke moyoni msitu huo unaposhika njia ya Kilwa na kupanda mashua ya Songo Mnara, maana nyumba za kisiwa kile hazieleweki bila mkoko.

Mji wa Songo Mnara ulijengwa mwishoni mwa karne ya 14 na kuhamwa mwanzoni mwa karne ya 16. Zimebaki nyumba za mawe zaidi ya 40, misikiti na makaburi. Ingia katika nyumba mojawapo: unapanda ngazi, unapita ua wenye baraza za mawe, unakuta vyumba virefu vyembamba, kimoja nyuma ya kingine. Upana wa chumba mara nyingi hauzidi mita 3 hivi, kwa kuwa dari ililala juu ya boriti za mikoko. Fundi aliupokea mti kwa kimo chake, akautanua ukumbi kwa urefu tu. Kutokana na mpaka huo akapata nyumba yenye kivuli, faragha na heshima.

Kwenye ukuta ustadi wake ni mwingine. Mawe ya kawaida aliyachimba nchi kavu. Ya mihrabu na fremu za milango aliyakata baharini, tumbawe likiwa bado laini, akalichonga kabla halijakauka likawa gumu. Chokaa ilichomwa juu ya biwi la magogo, ikazimwa kwa maji, ikaachwa ikomae kwa miezi. Kazi hii haikuwa na nafasi kwa mtu wa pupa.

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 ziliorodheshwa kuwa hatarini, bahari ikiula ufukwe na kuta zikiporomoka. Ukarabati ukaziokoa, zikatolewa katika orodha hiyo mwaka 2014. Kuta hizi zinataka chokaa. Saruji hufungia unyevu na chumvi ndani, tumbawe likamomonyoka nyuma yake. Na mikoko inayosimama pwani hupunguza nguvu ya mawimbi: mti uliobeba dari sasa unalinda msingi.

Ndiyo maana natamani vyuo vya VETA vya kusini vifundishe uashi wa chokaa sambamba na wa saruji, kwa mawe ya nchi kavu ili miamba hai ya baharini isiguswe. Kila masika huondoka na lipu kidogo, na anayeweza kuirudisha ni fundi aliyefundishwa na fundi. Vijana wa Kibiti na Kilwa wakiishika kazi hiyo, nyumba za Songo Mnara zitakuwa na wenyewe.