Walipoing'oa Mail, Walikosea

Mnaofuatilia mambo ya kompyuta mliona wenyewe. Tarehe 31 Desemba 2024 Microsoft waliifunga Mail, ile programu ndogo ya barua pepe iliyokuwa ikija na Windows 10. Baada ya siku hiyo aliyeifungua hakuweza tena kutuma wala kupokea barua. Februari 11, 2025, ndani ya sasisho la usalama la mwezi, Outlook mpya ikashushwa kwenye mashine za Windows 10 bila mwenye mashine kuulizwa. Huo ndio uamuzi ninaouchambua leo, na hukumu yangu siifichi: walikosea tangu kwenye msingi, na RAM inayoliwa kwenye kompyuta tunazoletewa sisi mafundi kila wiki inatokana na kosa hilo.

Tuanze na kilichong'olewa. Mail iliandikwa kwa ajili ya Windows yenyewe. Ukiishusha chini ya skrini, mfumo uliisimamisha, na mashine ikibanwa uliweza kuipokonya memori yake. Haikuwa programu ya kujivunia. Kutafuta barua ya mwaka juzi kulikuwa tabu, na mwenye folda nyingi aliteseka. Lakini mashine ya GB 4 iliibeba pamoja na Word, Excel na vichupo viwili vitatu vya kivinjari, na karani akamaliza siku yake bila kumpigia fundi simu.

Kilichowekwa mahali pake ni Outlook ya wavuti, imefungwa ndani ya fremu ili ionekane kama programu. Fungua Task Manager, nenda kwenye Details, utaiona olk.exe. Hiyo ni ganda. Mzigo wenyewe uko kwenye msururu wa msedgewebview2.exe: mchakato mmoja ni kivinjari kikuu, mwingine unashughulikia michoro, mwingine mtandao, mwingine hifadhi, halafu ule unaochora ukurasa unaoutazama. Maana yake injini nzima ya Edge imeamshwa ili kuonyesha orodha ya barua. Ukiwa na Teams mpya imefunguka pembeni, nayo inatumia injini hiyohiyo, WebView2, na inakuja na msururu wake. Programu hizo zinagawana faili za injini, ila kila moja ina michakato yake. Fungua na Edge yenyewe usome habari, sasa una misururu mitatu.

Wahandisi wa Chromium, msingi wa Edge, walikuwa na sababu nzuri ya kutenganisha michakato hiyo. Ukurasa mmoja ukianguka usiuangushe mwingine, na tovuti ya mhalifu isichungulie ile ya benki yako. Kwa kivinjari kinachozurura kwenye tovuti za watu usiowajua, gharama hiyo nailipa bila kulalamika. Kwa karani mwenye sanduku moja la barua, ambaye kazi yake ni kupokea LPO (oda ya ununuzi), kuichapa na kujibu "imepokelewa", gharama hiyo ni mzigo ambao hakuuomba na mashine yake haiuwezi.

Na hapa ndipo ninapowashikilia Microsoft kwa maandishi yao wenyewe. Kiwango cha chini walichokitangaza kwa Windows 10 ya biti 64 ni RAM ya GB 2. Waliandika hivyo, watu wakanunua mashine kwa kuamini hivyo. Kisha, mfumo huohuo ukiwa umebakiza miezi minane tu kabla ya kufikia mwisho wa huduma yake, Oktoba 14, 2025, wakaishushia Outlook mpya. Kama wangeiacha dukani, anayeitaka aichukue, nisingekuwa na ugomvi nao. Kama wangeiacha Mail iendelee na masasisho ya usalama tu kwa miaka miwili mitatu, nisingeandika safu hii. Walichofanya ni kuondoa chaguo jepesi na kuweka zito pale pale, kwa jina ambalo watu wamelizoea. Mtumiaji hakubadilisha chochote, na mashine ikabadilika.

Itazame ofisi ya kawaida hapa Kalangalala, Geita. Tangu Geita iwe mkoa mwaka 2012, na hasa baada ya Kanuni za Ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini za mwaka 2018, kata yetu imejaa ofisi ndogo za watoa huduma: wauza vipuri, walishaji, wasafirishaji, wauza vifaa vya usalama kazini. Migodi inaagiza kwa barua pepe. Bei inaombwa kwa barua pepe, inajibiwa kwa barua pepe, na muda wa mwisho ukipita umepita. Kompyuta zenyewe nyingi ni za mtumba: RAM ya GB 4, diski ya kuzunguka. Kwenye mashine hiyo Windows inachukua fungu lake, antivirasi lake, Excel yenye orodha ya bei lake. Outlook mpya inapoamka, RAM inajaa, na Windows inaanza kuhamishia kurasa za memori kwenye faili la akiba lililoko kwenye diski. Diski ya kuzunguka haina mwendo wa kufanya kazi hiyo. Taa yake inawaka bila kuzima, Task Manager inaonyesha diski asilimia 100, kishale kinaganda, na mwenye ofisi anasema mtandao ni mbovu. Mtandao hauna kosa.

Fundi anaitwa. Na hapa niseme na mafundi wenzangu, maana kuna jambo limenikaa rohoni kwa miaka: acheni kupiga windo upya kabla ya kupima. Windo jipya litaifanya mashine iwe nyepesi siku tatu, kisha sasisho litairudisha Outlook ileile, na mteja atalipa tena. Kibaya zaidi, wapo waliofuta profaili ya mtu pamoja na faili la PST lililokuwa na barua za miaka sita, kwa sababu hawakuuliza barua zinakaa wapi. Kosa hilo halina masasisho.

Kupima kuna utaratibu, na kosa kubwa ninaloliona ni kusoma namba isiyo sahihi. Safu ya Memory iliyoko mbele ya Task Manager inaonyesha kile ambacho programu inakishikilia ndani ya RAM kwa wakati huo. Mashine ikibanwa, Windows inazipunguzia programu RAM kwa nguvu na kusukuma kurasa zao diskini, kwa hiyo namba hiyo inashuka huku mateso yanapanda. Fundi anatazama, anaona MB 150, anasema Outlook haina kosa, anamgeukia mteja na kumuuzia antivirasi. Namba ya kutazama ni Commit size, unaiongeza mwenyewe kwenye Details, na jumla yake iko kwenye Performance chini ya neno Committed. Soma jumla hiyo Outlook ikiwa wazi. Ifunge kabisa, hakikisha misururu yake ya msedgewebview2.exe imeondoka, kisha soma tena. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo gharama halisi ya programu kwenye mashine hiyo, na hakuna mtu wa kubishana nayo.

Hatua inayofuata ni kutenganisha mvujo na ulaji. Iache programu wazi usiku kucha bila mtu kuigusa, usome asubuhi. Namba ikiwa imepanda bila kushuka, kuna mvujo: jaribu akaunti moja moja, zima viongezi, fanya Repair na kisha Reset kwenye mipangilio ya programu. Namba ikiwa ileile ya jana, hakuna ugonjwa wa kutibu, programu imejengwa hivyo. Outlook mpya mara nyingi imenionyesha hali hii ya pili, na ndiyo maana nasema uamuzi ulikosewa kwenye msingi. Unaweza kupunguza akaunti, kuzuia isijiwashe na mashine, kupunguza siku za barua zinazohifadhiwa nje ya mtandao. Utapata nafuu kidogo. Injini ya kivinjari itabaki imewaka.

Kuongeza RAM? Ongeza, GB 8 si anasa tena, na SSD ndiyo dawa ya kwanza kwa mashine yoyote ya ofisi. Ila tusiite hilo suluhisho. Duara la mgodi likichimbwa pabaya, kuongeza matimba, yale magogo ya kulishikilia, kunakupa muda tu.

Waliotangulia walikuwa na adabu na mashine ya mtu. David Harris wa Dunedin, New Zealand, alianza kuitoa Pegasus Mail mwaka 1990 na kuigawa bure. Steve Dorner aliiandika Eudora mwaka 1988 akiwa Chuo Kikuu cha Illinois. Programu hizi zilifanya kazi kwenye Windows 95, mfumo ambao kiwango chake cha chini kilikuwa MB 4. Mashine tunayoiita dhaifu leo ina RAM zaidi ya mara elfu moja ya hiyo. Eudora iliweka barua zote za folda kwenye faili moja la maandishi, na pembeni yake faili dogo la faharasa. Ukifungua folda inasoma faharasa. Barua yenyewe inaisoma ukiibofya. Mpango ule ulikuwa na akili.

Na kwetu Afrika Mashariki barua pepe ilianza kwa nidhamu hiyohiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtandao wa HealthNet wa shirika la SatelLife ulikuwa na kituo Muhimbili, Dar es Salaam. Barua za madaktari zilifungwa pamoja, zikangojea simu au setilaiti, zikatumwa kwa mkupuo, na laini ikaachwa. Kuandika na kusoma kulifanyika kwenye mashine, bila laini. Miaka zaidi ya thelathini baadaye tunaletewa programu ya mezani iliyotoka bila uwezo kamili wa kufanya kazi nje ya mtandao, uwezo ukaongezwa kidogo kidogo kuanzia mwaka 2024, tena kwa barua za siku za karibuni. Kwa ofisi inayoishi kwa bando, hilo si dogo.

Kuna jingine la zamani ambalo sijalisamehe. Novemba 2023 jarida la Kijerumani c't lilionyesha kwamba ukiiwekea Outlook mpya akaunti ya IMAP ya seva nyingine, jina na nywila yako vinapelekwa kwenye seva za Microsoft, na barua zako zinapitia huko. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, yenye masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi. Mwenye ofisi aliyebofya "endelea" mara tatu ili afike kwenye barua zake hajui kwamba sheria hiyo inamhusu. Fundi anajua, na anapaswa kumwambia.

Kwa haki, utafutaji wa barua kwenye Outlook mpya ni mzuri na kalenda yake imetulia.

Ninachofanya mimi ni kuiondoa kwa PowerShell, pamoja na nakala inayosubiri watumiaji wapya, na kuweka programu ya barua pepe ya Thunderbird. Naijua kasoro yake, na hiyo ni chuki yangu nyingine ya muda mrefu: toleo la 3.0 la Desemba 2009 liliwasha bila kuuliza faharasa kuu ya utafutaji na kunakili barua zote za IMAP kwenye diski, mashine ndogo zikalia. Toleo la 115 la mwaka 2023 lilisafisha mengi, lakini tabia moja imebaki: ukifungua folda, faharasa yake yote, lile faili la msf, inaingia kwenye RAM. Sanduku la barua elfu arobaini halitakuwa jepesi hata ufanye nini. Kwa hiyo gawa barua kwa miaka, folda moja kwa mwaka mmoja. Zima Global Search kwenye mashine ya GB 4. Weka kikomo cha siku za barua zinazonakiliwa, mradi seva inazitunza zilizobaki. Bana folda kwa Compact umeme ukiwa wa uhakika au ukiwa na UPS, maana kukatika katikati ya kazi hiyo kunaweza kuharibu faharasa. Iambie antivirasi isikague folda ya profaili kila faili linapoandikwa. Ikiendelea kula, iwashe kwa Troubleshoot Mode. Ikitulia humo, mshtakiwa wa kwanza ni kiongezi.

Wenye leseni ya Office inayojumuisha Outlook wana Outlook ya zamani, na Microsoft wameahidi kuihudumia angalau hadi mwaka 2029. Kaeni nayo. Tangu Januari 2025 wenye leseni za biashara ndogo wameanza kuhamishwa kwenda mpya, lakini swichi ya kurudi ipo kwenye kona ya juu kulia. Mteja akihamishwa, irudishe siku hiyohiyo, kabla hajaanza kuzipanga barua zake upya upande wa pili, na uangalie tena baada ya kila sasisho kubwa kama imebaki ulipoiacha.