Wasifu wa Siti na Wasifu wa Kuombea Kazi



Neno "wasifu" lina kazi mbili katika lugha yetu. Ni kitabu kinachoeleza maisha ya mtu, na siku hizi ni ile karatasi ya kurasa mbili tunayoipeleka kwa mwajiri. Cha kwanza huandikwa na mwingine, mara nyingi mwenyewe akiwa ameshakufa. Ya pili mtu huiandika mwenyewe, na mara nyingi akiwa na shida. Safari hii tumeona tuzisome aina hizo mbili pamoja, kwa sababu vijana wetu wa hapa Blacktown wanafundishwa sana ile ya pili, na wengi wao hawajawahi kuonyeshwa ya kwanza.

Katika mafunzo ya kutafuta kazi huambiwa kwamba kila mtu ajenge "chapa binafsi", tena iwe ya kweli, yenye mizizi katika yale anayoyaamini. Wazo hili lilipata nguvu mwaka 1997, Tom Peters alipoandika katika jarida la Fast Company kwamba kila mfanyakazi ajione kama chapa ya biashara. Si wazo la kubezwa moja kwa moja. Mhandisi mgeni anayeomba Engineers Australia wapime sifa zake kwa njia ya CDR huandika simulizi 3 za kazi, na hutakiwa aseme "mimi nilifanya", si "sisi tulifanya". Kwa watu tuliolelewa katika "sisi", zoezi hilo ni gumu, lakini lina maana yake. Anayetaka kukabidhiwa daraja lazima aeleze mkono wake mwenyewe ulifanya nini.

Shida yetu ni hilo neno chapa. Kwa Kiswahili chapa hupigwa. Ng'ombe hupigwa chapa, gunia hupigwa chapa, na anayepiga ni mwenye mali. Kijana akiambiwa ajipige chapa, ana haki ya kuuliza mwenye mali ni nani.

Kitabu tunachokipendekeza kinajibu swali hilo vizuri kuliko vitabu vya mafanikio vinavyouzwa kwenye viwanja vya ndege. Ni Wasifu wa Siti binti Saad, cha Shaaban Robert. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, na jina alilopewa na wazazi lilikuwa Mtumwa. Hiyo ndiyo chapa hasa. Hali ya utumwa haikufutwa kisheria Zanzibar mpaka mwaka 1897, na jina kama hilo lilimtangulia mtu kila mlango aliobisha. Hakuwa na elimu ya shule. Alifinyanga vyungu kama mama yake na kuvitembeza kuviuza. Mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza kuimba pamoja na wapigaji wa taarabu, na hatimaye akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima zake. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri za Kiswahili kwa kampuni ya His Master's Voice, ile yenye picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Alifariki mwaka 1950.

Mwandishi wa siku hizi angeyasimulia hayo kama ngazi ya kupandia: umaskini, juhudi, umaarufu. Shaaban Robert hakufanya hivyo, na hapo ndipo ulipo ubora wa kitabu. Kinachomshughulisha ni tabia. Anataka tujue mtu huyu alikuwa nani kwa wenzake, sauti yake ikiwa imewekwa pembeni. Msomaji anayafunga maisha ya Siti akiwa amejifunza utu kuliko ujanja wa kupata jina, na lugha yake, iliyopangwa kwa mizani hata pale isipokuwa shairi, inafaa kusomwa kwa sauti mbele ya watoto.

Kasoro yake inatokana na wema huo huo. Shaaban Robert anampenda mno mtu wake, na msifiaji humlainisha anayemsifu. Ukikisoma peke yake unaweza kudhani Siti aliheshimiwa kwa sababu alikuwa mpole na mvumilivu. Tunashauri kisomwe pamoja na Pastimes and Politics, kitabu cha mwanahistoria Laura Fair kilichotoka mwaka 2001, ambacho kinazichunguza nyimbo zenyewe na kuwasikiliza wazee wa Ng'ambo waliozikumbuka. Humo tunamkuta Siti mwenye makali.

Mambo mawili yanatosha kuonyesha makali hayo. La kwanza ni lugha. Taarabu ya kasri la sultani ilikuwa imezoea kuimbwa kwa Kiarabu, na mwenye kutaka kukubaliwa na wakubwa alijua aelekee wapi. Siti aliimba kwa Kiswahili, mbele ya wakubwa na mbele ya wachukuzi. La pili ni yale aliyoyasema. Wimbo unaojulikana kama Kijiti unahusu mwanamke mgeni kutoka bara aliyeuawa Unguja. Mtuhumiwa akatorokea bara, na waliotiwa hatiani wakawa wanawake waliofika mahakamani kutoa ushahidi. Siti na wenzake waliichukua aibu ile ya mahakama wakaifanya wimbo, katika mji uliokuwa chini ya Waingereza, watu wakaiimba mitaani. Wapo waliomkejeli kwa asili yake ya shamba na mavazi yake ya kimaskini, naye akajibu kwa wimbo. Hakujizulia ukoo mwingine.

Hoja yetu basi ni hii. Jina lenye mizizi katika imani halitokani na kuitangaza imani. Linatokana na kazi unayoifanya vizuri na neno usilokubali kulimeza hata pale kulimeza kungekuletea faida. Katika fani yetu ya ujenzi hatuliulizi zege linajionaje. Tunamimina mitungi ya majaribio, tunaisubiri siku 28, kisha tunaiweka kwenye mashine na kuiminya mpaka ivunjike. Kinachoandikwa kwenye cheti ni uzito iliyobeba. Siti hakuandika popote kwamba yeye ni mtetezi wa wanyonge. Alibeba uzito, wengine wakaandika. Mwaka 1988 chama cha wanahabari wanawake wa Tanzania, TAMWA, kilipoanzisha jarida la kutetea haki za wanawake, kililiita Sauti ya Siti. Alikuwa amekwisha kufa miaka 38.

Hapa msomaji anaweza kutuambia kwamba Siti mwenyewe alibadili jina. Ni kweli, na jambo hili lina uzito kwetu, maana kuna kijana wa jumuiya yetu aliyetuuliza mbele ya wazazi wake kama aandike jina la babu yake au jina fupi la Kizungu kwenye maombi ya kazi. Hatukutaka kumjibu kwa mbwembwe. Wachumi watatu, Alison Booth, Andrew Leigh na Elena Varganova, walituma maombi ya kazi zaidi ya 4,000 katika miji ya Australia, sifa zikiwa zinalingana na majina tu yakitofautiana. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba mwenye jina la Kichina alihitaji kutuma maombi asilimia 68 zaidi ili apate nafasi sawa za kuitwa kwenye usaili na mwenye jina la Kiingereza. Kwa jina la Mashariki ya Kati ilikuwa asilimia 64. Majina ya Kiafrika hayakupimwa, ila hatuoni sababu ya kutarajia nafuu. Basi anayefupisha jina apate kulipa kodi ya nyumba tusimwite msaliti.

Ila tumtofautishie mambo mawili. Mtumwa aliitwa Siti baada ya watu kumsikia. Jina lilipanda kwa sababu ya kilichokuwa chini yake, na kilichokuwa chini yake hakikubadilika: sauti ile ile, Kiswahili kile kile, upande ule ule wa watu. Kijana akibadili jina na vingine vyote vikabaki, amebadili bango la duka. Akianza kuficha lugha ya mama yake, akicheka wenzake wanapodharauliwa, akinyamaza kazini anapoona jambo la hatari kwa kuogopa kuonekana mkorofi, hapo ameuza duka, hata kama bango bado lina jina la babu.

Mji wetu nao una somo lake. Mwaka 1823 shule ya serikali ya kikoloni kwa watoto wa Waaborijini, waliotengwa na wazazi wao, ilihamishiwa huku kutoka Parramatta, na ndipo mahali hapa pakaanza kuitwa Black Town. Chapa hiyo ilipigwa na mwenye nguvu. Mwaka 2018 eneo la shule hiyo, kwenye barabara ya Richmond, lilirudishwa kwa Wadharug wenyewe. Kwenye ramani jina la mji ni lile lile, lakini ardhi ile ina wenyewe wanaoisemea.

Tunawaomba wazazi wasome Wasifu wa Siti binti Saad na watoto wao, sura moja kila wiki, kabla hawajawapeleka kujifunza kujinadi. Na kijana anayeandika ile karatasi ya kurasa mbili, chini ya kila sifa anayojipa aandike kwa penseli jina la mtu mmoja anayeweza kuishuhudia. Asipopata jina, aifute sifa hiyo, kisha aende akaifanyie kazi.