Septimus na Tabibu Zake

Katika riwaya ya Virginia Woolf, Mrs Dalloway, iliyochapishwa mwaka 1925, bibi wa tabaka la juu anaandaa karamu mjini London, na siku hiyohiyo askari wa zamani, Septimus Warren Smith, anajitupa dirishani. Wawili hawa hawakutani. Wahakiki wengi wamemsoma Septimus kama kivuli cha Clarissa Dalloway, na Woolf mwenyewe, katika utangulizi wa mwaka 1928, ndiye aliyewafungulia mlango huo. Usomaji huo una haki yake, lakini pia una hasara. Kivuli hakiugui, Septimus anaugua.

Alikuwa miongoni mwa wa kwanza kujitolea. Vitani alipanda cheo. Rafiki yake Evans alipouawa Italia, vita vikikaribia kwisha, alijipongeza kwa kutohuzunika sana. Hapo ndipo penye kina cha riwaya: ganzi iliyomfaa askari ndiyo inayomwangamiza raia. Miaka mitano baadaye, Juni 1923, mlio wa motokaa unamgandisha njiani, na bustanini anamwona marehemu akimjia. Mtafunwa na nyoka, akiona unyasi hushtuka. Tabibu wa Septimus wanauona unyasi tu.

Wa kwanza, Holmes, haoni ugonjwa wowote. Wa pili, Sir William Bradshaw, anaamuru mgonjwa apumzishwe mbali na mkewe. Fadhila anayoiabudu ingefasiriwa kwa Kiswahili kuwa "kiasi", na tafsiri hiyo ingefichua ukatili wake: kwa Waswahili mtu wa kiasi ni mtu wa adabu, na kwa hiyo mgonjwa anahukumiwa kama mkosa adabu. Woolf hakuzua. Jina la maradhi hayo, mshtuko wa mizinga, liliingia katika jarida la kitabibu la The Lancet mwaka 1915 kwa kalamu ya Charles Myers. Mwaka 1922 kamati ya serikali ya Uingereza ikashauri liachwe. Jina liliweza kuachwa, si ugonjwa.

Tiba pekee inayofanya kazi riwayani haitoki kwa tabibu. Rezia, mkewe Mwitaliano, anashona kofia. Septimus anachagua utepe na rangi, naye anazishona kama alivyozipanga. Wanacheka. Kwa muda mfupi mtu ni mzima, kwa sababu amepewa kazi ya mikono na mwenzi wa kumsikiliza. Kisha Holmes anapanda ngazi.

Usiku, karamuni, Bradshaw anakitaja kifo hicho akizungumzia mswada wa sheria, na Clarissa, akiwa peke yake, anakipokea kama zawadi inayomrudishia ladha ya uhai. Ukurasa huo ni mzuri, na ndio unaotia shaka: maiti ya askari imetumiwa mara mbili katika jioni moja, na mara ya pili ni kwa ridhaa ya mwandishi. Karamu inaendelea. Kwingineko mjini Rezia amelazwa kwa dawa ya Holmes, na riwaya hairudi kumwamsha.