Miezi Hiyo ni ya Nani? Tukague Mifumo ya Kupanga Hatua za Saratani ya Ini

Mtu akigundulika na saratani ya ini, ndugu zake huuliza: ana muda gani? Daktari hujibu kwa kuangalia ugonjwa umefika hatua gani. Jibu hilo linaweza kuamua kama familia itauza shamba kutafuta matibabu au itamtunza mgonjwa wao nyumbani. Kwa hiyo mifumo inayotoa majibu haya lazima tuikague kwa ukali.

Ugumu wenyewe uko hapa: wagonjwa wengi wa saratani ya ini wana magonjwa mawili kwa pamoja. Kuna uvimbe, halafu kuna ini lililojaa makovu kutokana na homa ya ini B au C, pombe na kadhalika. Lolote kati ya hayo linaweza kuua. Uvimbe mdogo kwenye ini lililochoka unaweza kuwa hatari kuliko uvimbe mkubwa kwenye ini lenye nguvu. Ukipima uvimbe peke yake, umepima nusu ya tatizo.

Wajapani waliliona hilo mapema. Mfumo wa Okuda wa 1985 unaangalia mambo manne: kama uvimbe umezidi nusu ya ini, maji tumboni, albumini na bilirubini. Ni rahisi, ila uvimbe wa sentimita 2 na wa sentimita 6 unaweza kuwekwa kapu moja. Mwaka 1998 Waitaliano wakaleta CLIP, iliyoongeza kipimo cha alfa-fetoprotini na kuangalia kama mshipa mkuu unaoingia kwenye ini umeziba. Mwaka 1999 ikaja BCLC kutoka Barcelona. Hii inauliza pia kama mgonjwa bado anajimudu, na kila hatua inakuja na matibabu yake. Ndiyo inayotumika zaidi duniani.

Sasa, utajuaje mfumo upi ni mzuri? Kuna maswali mawili, na watu huyachanganya. La kwanza ni la kupanga foleni: ukichukua wagonjwa wawili, je, mfumo unajua nani ataishi zaidi? Alama ya 0.5 ni sawa na kurusha shilingi, na 1 ni kupatia kila mara. La pili ni la usahihi wa muda: mfumo ukisema miaka miwili, ni kweli miaka miwili? Mfumo unaweza kupanga foleni vizuri kabisa na bado ukadanganya kuhusu muda. Makala nyingi zinazoshindanisha mifumo hii hushikilia swali la kwanza. Ndugu wa mgonjwa wanauliza la pili.

Hebu tuichukue BCLC kwa swali hilo la pili. Katika toleo la 2018, hatua C ilitarajiwa kuishi miezi 10 au zaidi. Toleo la 2022 linasema zaidi ya miaka 2. Herufi ni ileile. Saratani haikupungua ukali ndani ya miaka minne, yaani kilichobadilika ni dawa. Kwa maneno mengine, muda ule ni wa mtu anayepata dawa zile.

Tuje kwetu. Utafiti uliochapishwa 2017 ulilinganisha wagonjwa wa Misri na wa nchi nyingine za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwemo. Misri, nusu ya wagonjwa walivuka miezi 10.9. Huku kwingine, nusu walikuwa wameshafariki ndani ya miezi 2.5, na umri wao wa kati ulikuwa miaka 46 tu. Waliopata matibabu ya saratani yenyewe walikuwa asilimia 76 Misri na asilimia 3 huku. Ni kweli, kuchelewa kufika hospitali kunachangia pia. Lakini kuna tatizo jingine: karibu wote wakiangukia C na D, hata kazi ya kupanga foleni inamshinda mwenye mfumo, maana foleni yenyewe imebaki na makapu mawili.

Hukumu yetu basi: BCLC ni mwongozo mzuri wa matibabu, ila muda wake usinukuliwe mahali ambapo matibabu hayo hayapo. Kipimo cha ALBI cha 2015, kinachotumia albumini na bilirubini tu, kingeweza kusaidia kutenganisha wagonjwa wa hatua moja kwa nguvu ya ini, bila mashine ya gharama. Chenyewe hakioni uvimbe, kwa hiyo hakitoshi peke yake. Tunachohitaji zaidi ni hospitali zetu kufuatilia wagonjwa wake na kuandika waliishi muda gani, kwa matibabu gani, ili mifumo hii irekebishwe kwa takwimu za hapa.

Na wewe msomaji, ukitajiwa miezi au miaka ya mgonjwa wako, usiishie hapo. Uliza: hiyo ni kwa matibabu yapi, na je, sisi tunaweza kuyapata?